Mstari wa Majivu

Daftari la michezo la chuo, mwaka wa hamsini na sita,
linasema kwa wino wa buluu, mwandiko wa Mwalimu Ombima:
Mechi tisa. Kushinda saba. Sare moja. Kushindwa moja.
Basi. Ukurasa unaofuata ni hesabu ya majembe.

Halisemi tulikuwa na mpira mmoja,
wa ngozi, unaofungwa kamba kama kiatu,
na ukilowa, mzito kama jiwe la kusagia;
kwamba Barnaba Kuttoh, aliyependa kuupiga kwa kichwa,
kila Jumatatu aliandika jina lake kwa herufi za kuyumba.

Njumu zilikuwa jozi sita.
Andenga, nahodha, alizigawa kwa sheria yake mwenyewe:
mguu wa kupigia uvae, mwenzake ujitegemee.
Na kwa kuwa wenye shoto walikuwa wawili tu,
watu wanne walijifunza upya kupiga mpira.
Kiatu cha kumi na mbili kilikuwa changu, mimi wa akiba.
Nilikipaka mafuta msimu mzima. Hakikugusa mpira.

Kazi yangu ilikuwa kuchora uwanja.
Chokaa ilikuwa ya kuta za kanisa,
kwa hiyo alfajiri nilikwenda jikoni kwa Nerea Ayuma
nikazoa majivu, madebe mawili,
nikatembea kinyumenyume kati ya mawe ya Bunyore
nikimwaga mpaka wa dunia yetu.
Upepo ukija, kona zilihama.

Miwani tulikwenda juu ya lori la miwa
tukarudi na mabao matatu, tukinata.
Kaimosi uwanja ulikuwa mteremko;
mpira ulikimbilia mtoni mara tano,
na mara ya tano hakuna aliyetaka kuufuata. Sare.
Nakuru tulifika kwa gari moshi la usiku, daraja la tatu,
baridi ikatupokea kabla ya wenyeji.
Manne kwa bila. Litwachi, kipa wetu,
alisema mikono yake ilishuka Njoro.

Halafu Novemba, Jumamosi, mechi ya kombe.
Vijana wa karakana ya reli walipanda kutoka Kisumu,
wana njumu miguu yote miwili.
Tulitangulia kwa bao la Kuttoh, la kichwa, bila shaka.
Mvua ikaja. Si ya manyunyu.
Mistari yangu ikageuka uji, uji ukageuka matope.

Dakika za mwisho Elkana Osodo wa reli akapiga.
Mpira ukagonga mti wa juu, ukaanguka, ukakwama
pale, kati ya milingoti miwili ya mkaratusi,
kama kuku anayeatamia.
Litwachi aliulalia. Wote wakapiga kelele.
Refa akapangusa macho, akatafuta mstari, akanitafuta mimi.
"Wewe wa majivu. Mpaka ulipita wapi?"

Nilikuwa nimeumwaga kwa mkono wangu.
Ningeuonyesha nikiwa nimelala.
Nikainama, nikachomeka kidole kwenye tope,
shubiri moja nyuma ya ukweli.

Osodo alinitazama. Hakubisha.
Alichuchumaa akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa.

Usiku ule Nerea aliongeza nyama. Waliniinua mabegani,
mara ya kwanza, mimi na kiatu changu kisafi.

Miaka kumi na minane baadaye nikamkuta sokoni Kibos,
ana mvi, ananunua bomba la baiskeli.
Alinijua kabla sijamjua. Akaninunulia chai.
Tukazungumza bei ya mahindi, ada za watoto,
goti lake. Mpira hatukuutaja.
Alipoinuka alichovya kidole kwenye chai iliyomwagika,
akavuta mstari mezani, polepole,
akaniaga kwa jina.

Kombe limo kabatini, ofisini kwa mkuu.
Daftari pia. Juzi nililiomba,
nikakaa nalo dirishani, kalamu mkononi.
Saba ni sita. Moja ni mbili.
Wino ule wa buluu umefifia, unakaribia rangi ya majivu.
Nikalifunga. Nikalirudisha juu ya majembe.