Nusu Saa Kabla ya Wenyewe

Hapa Mwembe Kuku kila nikipita naulizwa:
"Twalib, huko Ulaya mlipigaje?"
Nami hujibu, tulipiga vizuri,
kisha nageuzia maneno kwenye bei ya viazi karai.

Ukweli, bwana, ni nusu saa.
Dakika thelathini, na ikigonga ya thelathini na moja
mtu mwenye tochi hujipitisha kidole shingoni, hivi,
kama achinjaye.
Ukumbini watu arubaini wanavua makoti,
wanatafuta pa kuyatundika,
na sisi ndio tuliokuwa pa kuyatundika.

Ngoma za wenyewe zilishapangwa nyuma, zimefunikwa shuka jeusi
kama maiti ya mtu mkubwa.
Chengo akapewa pembeni, futi nne,
goti moja jukwaani, goti moja hewani,
na kila usiku, Leipzig, Gent,
mji mmoja ambao jina lake lilinishinda,
alipapima kwa hatua akasema:
"Leo tumeongezewa shibiri."

Mlangoni kwetu waliandika Samurai.
Sisi ni Msumari.
Chengo akasema wacheni, huenda wakatuogopa.

Hakuna aliyetuonea, hilo nalo niliseme.
Walitupa taulo. Walitupa ndizi.
Lakini pilipili ya kopo, aliyotufungia mamake Shee,
iliisha siku ya tisa,
na hapo ndipo nilipoona mtu mzima akilia.
Saa tisa za usiku, kituo cha mafuta,
mashine ikala sarafu zetu ikatutapikia supu
ambayo Shee aliapa ni maji ya kusuuzia sufuria.
Tukaizunguka. Tukaipuliza. Tukainywa.
Baishe hakushuka garini. Alilala juu ya spika
kajifunika mtandio wa harusi ya dadake,
uliokuwa ukinukia udi hata wiki ya pili.
Ya tatu ukanuka dizeli.

Kisha usiku mmoja theluji ikawazuia wenyewe njiani.
Mwenye tochi hakugusa shingo.
Alizungusha mkono kama avutaye uzi:
endeleeni, endeleeni.
Nyimbo zetu saba zikaisha.
Baishe akanitazama, nami nikamjibu kwa nyusi:
ile ya kumngojea bibi harusi,
ile isiyokuwa na mwisho.
Tukaizungusha, tukairudisha, Shee kafumba macho,
msichana mmoja nyuma akavua viatu,
muuza vinywaji akasahau kufuta bilauri aliyoishika.
Dakika ishirini. Nilizihesabu.
Halafu taa ya mlango wa nyuma ikawaka, wenyewe hao,
na sauti ya kinanda ikanitoka chini ya vidole,
vidole vyenyewe vikiendelea.

Sijamwambia mtu wa huku.

Leo Jumamosi, Tononoka, anaolewa bintiye Bi Zuena.
Mapangaboi yanachota joto upande huu
yakilimwaga upande ule.
Pilau imefika, kwa hivyo hakuna asikiaye.
Watoto wanaruka nyaya. Mmoja keshaichomoa ya Shee.
Bibi harusi yuko saluni, ati nywele zimegoma,
saa ya pili hii,
na shangazi mtu yuwaja, bangili hadi kiwikoni,
anazungusha mkono kama avutaye uzi.

Nikageuka nimtazame Chengo.
Alikuwa ameshainuka,
anapima pembe yake kwa hatua, midomo ikihesabu.
"Sita," akasema. "Sita na kitu."
Tukacheka mpaka Baishe akakosa pa kuingilia.

Sasa honi zimeanza nje,
vigelegele vinapanda ngazi,
simu zote zimeelekezwa mlangoni.
Mkono wangu wa kulia uko kwenye kinanda.
Wa kushoto unapapasa chini ya kiti
sahani yangu, kabla haijaondolewa.