Upande wa Pili, Barabara ya Tisa

Jumamosi, saa kumi, vumbi likishamwagiwa maji,
Hezroni Chilongani aliufunga mlango wa duka nusu,
akaweka kando pasi ya mtu aliyoahidi tangu Jumatatu,
akaipangusa santuri kwa ubavu wa shati.
Upande wa pili. Wimbo mmoja tu, upande mzima.
Roki ya zamani, ya vijana wenye nywele mabegani
ambao kwa sasa, alisema, wote wana vipara.

Gitaa lilikuwa na maneno manne:
nakuja, nakuja, nakuja, ngoja.
Nakuja, nakuja, nakuja, ngoja.
Hivyo hivyo, mpaka chai ikapoa,
mpaka ukajiona mjinga kwa kusubiri,
mpaka ukauvuka ujinga ukatokea ng'ambo.

Lemabi wa reli alihesabu kwa njiti za kiberiti.
Alisema ni kama mataruma ya Kikombo kwenda Igandu:
ukiyakanyaga huoni kama unakwenda,
ila Igandu inafika.
Hesabu yake haikulingana hata siku moja.
Leo mia mbili na nne, wiki ijayo mia mbili thelathini.
"Santuri haizai," tulimcheka. "Ulisinzia."
Alikasirika kweli. Akaanza kuja na daftari.

Damari, muuguzi wa Mirembe, alikuja na sare yake,
akavua viatu, akakaa sakafuni karibu na spika.
Muziki wenyewe hakuutolea maoni. Mara moja tu:
"Wodini kwangu yuko mmoja anayumba hivi usiku kucha.
Nilikuwa namwambia aache."

Mama Sechelela aliuza zabibu pale kizingitini,
mpiga muheme wa Mvumi tangu usichana.
Alisikiliza mwaka mzima kwa mgongo.
Tulipomuuliza alipunga nzi.
"Hao bado wanaipasha ngoma moto.
Wakianza mniite."

Na Yoeli, wa chuo cha biashara, aliyeuchukia,
hakukosa Jumamosi hata moja.
Aliuchukia huku akitupangia stuli.
"Mwenye la kusema husema akaondoka!"
Lakini ilipofika ile sehemu,
ngoma inapojitoa, gitaa linabaki mkiwa,
nakuja, nakuja, nakuja,
nakuja, nakuja, nakuja,
nilimwona kashika ukingo wa stuli kwa mikono miwili
kama mtu aliye juu ya lori.
Hezroni kafumba macho.
Kisha kifundo cha kidole chake kwenye kaunta: ko.
Mara moja.
Na ngoma ikarudi kama mvua ya Desemba juu ya bati,
Lemabi akamwaga njiti zote.

Nilidhani anausindikiza tu.

Siku hizi pale wanauza makava ya simu.
Binti yangu kanitafutia wimbo ule,
msafi, hauna hata punje ya vumbi la Dodoma.
Nikakaa. Nakuja, nakuja, nakuja, ngoja.
Ngoma ikajitoa.
Na kabla sijashika chochote, imerudi.

Nikaurudisha nyuma. Nikauliza nani kaukata.
Mizunguko minne! Sisi tulipewa ishirini,
thelathini; siku ile Damari alipotoka kuzika mdogo wake
tulipewa mpaka taa za barabarani zikawaka,
na hakuna aliyesema basi.

Ulikuwa mkwaruzo. Sindano ilinasa palepale kila wiki,
na fundi wa redio wa mtaa mzima
hakuitengeneza.
Alikaa na kidole chake juu ya kaunta
akitupima kwa macho yaliyofumbwa,
nani bado, nani tayari,
halafu ko.

Lemabi, popote ulipo, daftari lako lilikuwa sahihi.

Binti yangu anasema hata hivyo ni mrefu mno,
baba, dakika kumi na saba, kitu kilekile.
Nimeuweka tena.
Pale penyewe nagonga meza.
Nimechelewa. Ngoma imeshapita.