Nyuki wa Maduara Matatu

Nilikuwa na brashi saba na deni la rangi kwa Adriko
siku Ayikoru aliponiletea kompyuta iliyovunjika bawaba,
kaifunga kwa utepe wa gundi kama mguu wa kuku.
"Mjomba, chora humu."
Nikamwuliza bei ya hiyo programu.
"Bure."
Nikacheka. Arua hii, ambako hata maji ya kunawa yana bei kwa jerikani!
Rahisi, nikamwambia, huvunja upishi.
"Basi usipike," akasema. "Chora."

Kipanya kilinikimbia kwanza, kikastahili jina lake.
Mkono uliozoea ngazi na ukuta
ukawa mzito mezani, mkono wa mtoto wa chekechea.
Vialama vimejipanga ubavuni, sijui hata kimoja,
nikatafuta ninachokifahamu: ipo kalamu. Lipo kopo la rangi,
kopo, naapa, limeinama na tone linaning'inia
vilevile ninavyoliinamisha langu.
Nikalibofya. Likamwaga pale tu nilipotaka,
halikugusa suruali.

Kazi ilikuwa lebo, ya akina mama wa Maracha wanaorina asali.
Walitaka nyuki.
Ayikoru hakunifundisha nyuki. Alinifundisha duara.
"Dogo, la kichwa. Jingine, la kifua. La tatu livute
mpaka liwe yai." Nikalivuta.
"Bawa chora moja tu. La pili usijisumbue,
nakili, geuza." Likageuka
kama chapati.
Milia niliweka mwenyewe, bila kuambiwa,
mitatu myeusi, mmoja ukapinda, nikauacha upinde.
Chai yangu ilikuwa bado inafuka mvuke.
Nikaitazama ile chai, nikamtazama nyuki.
Miaka thelathini nawaambia vijana kazi hii ni ngumu.

Lakini kilichoninyima usingizi si nyuki.
Ni vibonye viwili, chini, upande wa kushoto:
ukivibana pamoja, kosa linarudi lilikotoka
bila msasa, bila mafuta ya taa, bila aibu.
Mnaukumbuka ule ukuta wa njia ya Koboko,
nilipotakiwa kuandika DUKA LA DAWA
na mwenye bucha akaniita, nikageuka kumjibu,
mkono ukaandika DAMU?
Misimu miwili ya mvua watu waliingia kuuliza bei ya lita.
Nilipaka chokaa juu. Damu ikaota tena kupitia chokaa.
Usiku ule nikaandika DAMU kwenye kioo, makusudi,
nikabana. Ikaondoka.
Nikaandika tena. Ikaondoka.
Labda mara ishirini. Ayikoru akadhani nimeugua.

Brashi sijaiacha. Jana nilikuwa juu ya ngazi,
ofisi ya ushirika wa waendesha bodaboda,
bluu ikadondoka kwenye herufi O, ikateremka polepole,
na vidole vyangu vya kushoto, vyenyewe,
vikabana ukuta.
Mara ya kwanza. Mara ya pili.
Chini kijana mmoja anauliza, "Mzee, unapapasa nini hapo?"
Bluu imeshafika dirishani.