Kidole Gumba

Kazi yangu ni vidole. Mwaka wa kumi na tisa huu
naketi chini ya jaji, hapa Duluth, Minesota,
nikipiga mashine isiyo na kelele:
kila linalosemwa, na hata kikohozi
wakili akiomba kiandikwe.

Siku ya tatu walileta skrini.
Nilikadiria, ilikuwa na upana wa mlango.
Wa mlango ule hasa.

Arvid Koskela, fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto,
alivaa suti mpya, mkunjo wa dukani ungali mgongoni.
Alieleza: Februari, saa tisa kasorobo usiku,
mtu kavunja kioo cha jikoni kwa spana ya tairi.
Alikuwa na soksi moja. Alilisema hilo mara mbili.
Soksi moja, sakafu baridi, akaita "Nani?"
na asijibiwe.
Nilimwamini. Hilo halimo kwenye kumbukumbu.

Kidole cha shahada ndicho kilichovuta,
mara moja tu,
na Brennan Oakes, miaka ishirini na mitatu,
akaanguka kati ya jokofu na buti za theluji.

Ingeishia hapo.
Ila miezi minane nyuma, kochini, bia ya pili,
kidole gumba kilikwisha kupita njia hiyo:
"Aingiaye kwangu bila hodi atatoka kabebwa."
Na siku nne baada ya mazishi, picha ya mlango mpya,
rangi haijakauka, na chini yake:
"Moja bila."

Bi Halvorsen, wakili wa serikali, alisoma polepole
kama asomaye barua ya mapenzi isiyo yake.
Kisha akanigeukia: "Andika na zile nyuso."

Nyuso huandikwaje?
Mashine yangu ina damu, ina bunduki,
ina mpigo mmoja wa "sikumbuki."
Nikaandika: nyuso tatu, zinacheka mpaka machozi.
Mama yake Brennan aliitazama skrini.
Yake hayakuwa ya aina hiyo.

"Maskhara tu," alisema Pelletier, wa utetezi.
"Watu mia mbili na kumi waliweka dole gumba.
Tuwashtaki wote?"
Kwenye viti vya wale kumi na wawili
mmoja aliyatazama magoti yake.

Pelletier naye alikuwa na picha: marehemu,
miwani ya jua, ulimi nje, kisu mkononi.
Jaji akaikataa. Arvid hakuwa ameiona usiku ule;
gizani hakuna apekuaye kurasa za mtu.
Basi wa kaburini akasitiriwa,
na aliye hai akabaki uchi ukutani,
maandishi ya futi mbili.

Mdomo, tuliambiwa, uliponza kichwa.
Kidole kimoja, tuliambiwa, hakivunji chawa.
Waliosema hivyo hawakukesha na simu,
nyumba kimya, taa ya skrini usoni.
Na waliokiita gumba walidhani hakizai.

Sijui aliogopa. Sijui alingoja.
Labda mtu huweza yote mawili:
kujigamba Juni, kutetemeka Februari,
kisha kujigamba tena ili asahau alivyotetemeka.
Lakini hofu haikupigwa picha.
Hofu ilikuwa na soksi moja tu, na shahidi wake ni mshtakiwa.

Jioni, garini, nikisubiri injini ipate moto,
ziwa limeganda jeupe mpaka upeo,
mume wangu aliandika: Vipi, atafungwa?

Kidole kikanyanyuka.
Kikakaa hewani muda.

Nikaandika: Toa nyama kwenye friza.
Nikaisoma mara tatu kabla ya kuituma.