Chini ya Sifuri

Hapa studioni Nkafu, sifuri haiko chini.
Sifuri ni dari.
Nilipomweleza Murhula alicheka, akadhani nimekunywa.
Sauti zote, nikamwambia, hata ya radi juu ya Kadutu,
zinaishi chini ya sifuri na alama ya kutoa mbele yake,
kama majina kwenye daftari la muuza sambaza.
Havuki mtu. Anayevuka hukatwa kichwa.

Alikuja na flashi iliyofungwa kwa uzi wa kushonea:
harusi ya dada yake, Bagira, mwaka elfu mbili na tisa.
Mimi ndiye niliyerekodi. Nilikuwa na miaka ishirini,
mashine ya biti kumi na sita, ya kukopa,
na hofu moja tu, mvumo:
jenereta ya jirani, mvua ikichambua mabati,
pumzi ya mashine yenyewe.
Tulifundishwa hivyo. Jaza hadi ukingoni,
usiiache sauti chini ikanyage matope.
Nikajaza. Mahubiri ya mchungaji yaligusa dari kwa nywele.

Na mama yao, M'Cirhuza, alikuwa bado hajasimama.

Biti ni ngazi, Murhula. Wewe mtu wa Kadutu
huhitaji kuchorewa ngazi.
Kila biti ikiongezwa, ngazi zote huzaa pacha:
kumi na sita ni elfu sitini na tano na ushei,
ishirini na nne ni milioni kumi na sita na ushei,
vingazi ambavyo hata sisimizi angevivuka bila kujua.
Lakini hazipandishi mlima.
Mlima unaishia palepale. Ngazi mpya zinachimbwa kwenda chini,
gizani, kwenye mnong'ono,
ili mwenye sauti ndogo asipotee,
nawe upate moyo wa kumwachia mwenye kelele uwanja mtupu juu.
Hilo sikulijua.
Au nililijua, sikuwa na pesa yake.

Dakika ya arobaini na moja bibi harusi anaingia.
M'Cirhuza anafungua kinywa.
Kwenye skrini mawimbi yake si milima tena,
ni meza. Vilele vimefyekwa sawasawa,
kama kilima kilicholazwa na tingatinga
ili tajiri ajenge ghorofa Nguba.
Vigelegele vya mwanamke aliyebeba makaa mgongoni
mpaka binti akamaliza shule
vikaingia mashineni kama kitambaa kinachochanwa.

Nilijaribu wiki nzima.
Nikaihamishia faili kwenye biti ishirini na nne:
mashine ikaniongezea sifuri nane,
vyumba vinane vitupu nyuma ya nyumba, mgeni ni yuleyule.
Nikashusha sauti, mkwaruzo ukashuka nayo,
mkwaruzo mwenye adabu sasa.
Mwishowe nikachora vilele kwa mkono, kwa kukisia,
na kwenye spika akapiga vigelegele mwanamke
laini, msafi, ambaye sijapata kumwona.

Murhula akavua hedifoni. "Huyu nani?"

Nikarudisha ile ya zamani, iliyochanika.
Akaisikiliza mara tatu, kidole gumba kikisugua goti la suruali,
na mara ya tatu akacheka kabla haijafika,
kama mtu anayejua mlango fulani utagongwa kwa nguvu.
"Wacha vile iko," akasema. "Njo yeye.
Mama hakueneaka fasi hata moja."

Kuran ikakatika tukiwa hapo.
Tukakaa gizani na harufu ya waya za moto,
yeye akifunga flashi yake tena kwa uzi,
fundo mbili, halafu ya tatu.

Jumamosi nina harusi nyingine, Panzi.
Nitaweka kiwango kwenye kutoa kumi na nane.
Baba wa bwana harusi atakuja kuinama juu ya mashine:
mbona taa zinalala, kijana, mbona sauti ndogo,
tumekulipa nusu au tumekulipa yote?
Nitamwambia asubiri.
Kuna mtu bado hajasimama.