Nyuma ya Karatasi

Swali la kwanza: Jina la mhojiwa.
Mama akacheka hadi dagaa wakamponyoka ungoni.
"Leo umelisahau? Andika: Ntakije binti Ruhinguka,
aliyekuzaa hapa Katonga usiku wa mbalamwezi,
maana usiku wa giza baba yako angekuwa ziwani."
Niliandika jina tu. Kisanduku kilikuwa kidogo.

Vyuo vinne vilikutana Bujumbura, vikapatana:
maji ni yale yale, basi na maswali yawe yale yale,
Rumonge, Kalemie, Mpulungu, Katonga,
maswali arobaini na mawili
na penseli moja kwa kila kijiji.
(Kweli, moja. Kifutio nilijinunulia.)
Mimi nililipwa kwa siku, nikapewa na fulana
yenye nembo nne, zikaanza kubanduka kwa jua la Juni.

Daktari Ndikuriyo akamwamkia Mama kwa Kirundi,
Mama akamwitikia kwa Kiha,
wakaelewana kama majirani wanaoazimana chumvi.
Mulamba wa Kalemie akauliza, "Mama, maji inapanda?"
"Inapanda, yanapanda, sema upendavyo, mwanangu,
jikoni kwangu yameshaingia."

Swali la tisa: Umewahi kushiriki utafiti?
"Mara tatu. Wa kwanza walinipa soda.
Wa pili walinipiga picha nimeinama.
Wa tatu siwakumbuki sura,
ila waliondoka na ungo wangu."
Majibu yaliyoruhusiwa: Ndiyo, Hapana.
Nikatia alama kwenye Ndiyo,
aibu ikabaki haina kisanduku.

Swali la kumi na saba: Kwa maoni yako, ziwa limepanda?
Hakujibu.
Alijifunga kanga upya, akatuongoza
hadi nyuma ya ghala, kwenye jabali
ambalo mimi nilizoea kuanikia sare za shule.
Mistari. Ya bluu, ya kijani, michache myekundu,
mmoja kwa kila masika, pale maji yalipokomea:
mwaka aliozaliwa Bukuru,
mwaka wa wakimbizi,
mwaka choo cha shule kilipoelea kama sanduku.
Miaka yote ile nilidhani ni uchafu wa rangi.
"Rangi ya boti ilikuwa inabaki," akasema.
"Ningeitupa wapi?"

Daktari akaingia majini na viatu vyake vya mjini.
Akapima kwa futi kamba, akapima tena, akanyamaza.
Kisha akasema: kipimo cha bandarini kina pengo,
miaka sita mitupu,
aliyekisoma alistaafu, hakupelekwa mwingine.
Akaweka kiganja kwenye mstari wa kijani.
"Miaka sita ile iko hapa."
Mama akamtazama yule mtu na kamba yake.
"Soma, andika, piga picha.
Ila jabali haliondoki. Ungo ulitosha."

Jioni, taa ya sola ikiita wadudu,
waliandika rasimu kwenye meza ya duka la mawese.
Chanzo cha takwimu: wanajamii.
Nikatoa kifutio changu.
Neno lile lilikuwa limekandamizwa, likaacha kovu,
na juu ya kovu nikaandika: Ntakije binti Ruhinguka.
Mulamba aliona. Akasogeza taa karibu.

Swali la arobaini na mbili, tuliloliacha kesho yake:
Je, una swali lolote kwetu?
Mistari miwili ya kujazia.
Mama alinawa mikono kwanza.
Majibu yatarudi lini, kabla ya masika au baada?
Yatarudi kwa lugha gani?
Mkijua maji yanakuja, ataambiwa nani kwanza,
mkuu wa bandari au anayelala kando yake?
Na huko Kalemie, kuna mwanamke mwenye jiwe?
Mwulizeni mwaka ule wa choo lake lilifikia wapi.
Mwambieni langu lilinifika kifuani.
Kama halina mistari, mpelekeeni rangi,
kopo lipo, nusu, kijani.

Nikageuza karatasi.
Penseli ilibaki kipisi cha kushika kwa kucha,
na Mama hakuwa amemaliza.