Madumu Tisa

Muuzaji wa Malindi alinitumia picha tatu kwa simu:
godoro la sponji, la hewa, la maji.
La hewa lina mota, akasema,
hunguruma usiku kucha kama nyuki mtungini.
La maji halina neno.
Ni kulijaza tu.

Kulijaza tu!
Nikamuuliza kama amewahi kufika Amu.
Mfereji wetu hufunga Jumatatu na Alhamisi kama mcha Mungu,
na siku zilizobaki hufunga kwa mazoea.
Cha kisimani ni chumvi; ukitawadhia, ngozi hukaza.
Maji baridi huja juu ya punda,
na punda wa Bwanadi hapandi ngazi.
Lita mia na themanini: madumu tisa.
Nikahesabu vidole, kikabaki kimoja.

Halafu uzito.
Nikamwita fundi Shekuwe apime sakafu,
maana chumba cha mama ki juu
na boriti zake zilikatwa kabla babu hajatahiriwa.
Akasimama chini, akazigonga moja moja kwa mpini wa nyundo,
sikio juu, kama anayechagua nazi.
"Saba nzima. Ya nane, mh."
"Mh ni nini?"
"Mh ni kitanda kisogee ukutani."

Ndugu yangu Lali,
ambaye siku hizi jina lake anaishi kinyume chake,
alitaka la sponji, la bei ndogo, lisilovuja.
"Likipasuka je? Tumfundishe mama kuogelea?"
Sikumjibu.
Usiku ule ilikuwa zamu yake kumgeuza.
Alipofunua kanga akakiona kidonda cha nyonga,
upana wa kitako cha kikombe cha kahawa,
na mama akisema pole mwanangu,
mama ndiye aliyesema pole,
alishuka kiwandani akakaa peke yake
hadi taa ya jirani ikazimwa.
Asubuhi nikakuta pesa zimeshatumwa Malindi.

Lilikuja kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti,
limekunjwa ndani ya kasha la sabuni,
jepesi, hata nikadhani nimeuziwa koti la mvua.

Mama alilazwa kando, akalitazama likivimba
dumu baada ya dumu,
Lali akimwaga, mimi nimeshika faneli,
ngazi nzima imelowa.
"Ya kunywa hayo?"
"Ya kunywa, mama."
Akanyamaza.
"Mungu awasamehe."

Tukamwinua kwa shuka.
Mwili ulizama kidogo, ukapokewa,
nyonga haikugusa chochote kigumu.
Alifumba macho. Akayafumbua.
"Yanatembea."
"Yatatulia, mama."
"Nani kawaambia nataka yatulie?
Miaka arubaini nimeyabeba haya,
kata utosini, shingo imeingia mabegani.
Wacheni, nayo yanibebe.
Mwendo wao naujua."

Akalala. Saa nne mfululizo, nilizihesabu.
Lali akalala pia, pale pale mkekani, mdomo wazi,
faneli mkononi.

Alfajiri boriti ya nane ililia mara moja,
nikasubiri ya pili, haikuja.
Dumu la tisa lilikuwa limebaki nusu.
Nikapikia chai.